Vifurushi au msimbo chanzo: jinsi ya kujenga programu za Linux bila kuvuruga mfumo

Watumiaji wa Linux hubishana sana juu ya jambo hili: usakinishe vifurushi vilivyokwisha kujengwa, au ujenge programu mwenyewe kutoka msimbo chanzo? Wapo wanaosema kwamba anayesakinisha kila kitu kwa `apt` hajaijua Linux, na wapo wanaosema kujenga programu kwa mkono ni kuchoma umeme bure. Katikati ya mabishano hayo swali moja huachwa kando, nalo ndilo litakalokubana siku utakapotaka kusasisha au kuondoa ulichokiweka: nani anajua faili hizi zilifikaje kwenye diski, na nani atazitoa? Ukiwa na jibu, jenga chochote utakacho. Ukilikosa, hata kijiprogramu kimoja kinatosha kukuharibia siku nzima.

Mwongozo huu unafuata Debian na jamaa zake kama Ubuntu na Linux Mint. Fedora na Arch nitazitaja pale amri zao zinapotofautiana. Unahitaji kujua kutumia terminali na kuwa na ruhusa ya `sudo`, basi.

Kabla ya yote: lijue daftari la mfumo

Meneja wa vifurushi ana kazi mbili. Inayoonekana ni kuleta programu kutoka kwenye hazina (ghala la programu la mtandaoni) pamoja na kila inachokitegemea, na hiyo ni kazi ya `apt`. Isiyoonekana, na kwangu ndiyo kubwa, ni kutunza daftari la kila faili. Hiyo ni kazi ya `dpkg`, iliyoanza mwaka 1994 Debian ikiwa bado changa, miaka kadhaa kabla `apt` haijakuwepo. Upande wa Red Hat, daftari linatunzwa na RPM tangu 1995.

Daftari hilo ni maandishi ya kawaida, unaweza kulisoma mwenyewe:

```
less /var/lib/dpkg/status
dpkg -L curl
dpkg -S /usr/bin/curl
```

Amri ya kwanza inafungua orodha ya vifurushi vyote, kila kimoja na toleo lake na vitu kinavyovitegemea. Ya pili inataja faili zote zilizoletwa na kifurushi cha `curl`. Ya tatu inauliza kinyume chake: faili hii ni ya nani? Kwenye Fedora utaandika `rpm -ql` na `rpm -qf`, na kwenye Arch `pacman -Ql` na `pacman -Qo`. Zizoee amri hizi kabla ya kujenga chochote, maana ndizo utakazozikimbilia mambo yakienda mrama.

Kuna jambo jingine la vifurushi ambalo wengi hawalioni mpaka waelezwe. Mwezi Aprili 2014 kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilipotangazwa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, walioirekebisha walitoa toleo 1.0.1g. Debian 7 haikuhamia toleo hilo. Ilibaki na 1.0.1e, lakini watunzaji wake walichukua kiraka kilichoziba tundu wakakitia kwenye toleo lilelile la zamani, likawa 1.0.1e-2+deb7u5. Mtu aliyeangalia namba ya mbele peke yake alidhani seva yake bado iko wazi, akakimbilia kujenga OpenSSL kwa mkono juu ya ile iliyokuwa imekwisha kutibiwa. Kwa hiyo namba ya kifurushi isome yote mpaka mwisho, na historia yake ipate kwa `apt changelog openssl`.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji kujenga

Sababu nzuri zipo. Unataka toleo jipya ambalo distro yako (aina ya Linux unayotumia, kama Debian au Fedora) haijalifikia. Unataka chaguo ambalo watunzaji walilizima walipojenga. Una kiraka chako, au umekiona kwenye mradi na hakijatolewa rasmi. Au unataka kuelewa programu inavyoundwa, na hiyo ni sababu halali kama nyingine yoyote.

Kutafuta kasi mara nyingi si sababu ya kutosha. Ni kweli kwamba vifurushi hujengwa kwa kiwango ambacho vichakataji vingi vinakielewa, na kwamba ukimpa kompaila (programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa) chaguo la `-march=native` atatumia kila uwezo wa kichakataji chako. Lakini programu zinazofaidika sana na jambo hilo, kama za video na za usimbaji fiche, kwa kawaida hukagua kichakataji zenyewe zinapoanza na kuchagua njia ya haraka. Kihariri cha maandishi hakitakimbia zaidi kwa sababu umekijenga mwenyewe. Pima kwanza, ndipo uamini.

Kabla ya kuendelea, angalia pia hazina zina nini:

```
apt policy jina-la-programu
```

Kwenye Debian, hazina ya backports mara nyingi tayari ina toleo jipya lililojengwa kwa ajili ya mfumo wako. Ukilikuta huko, lichukue, na kazi yako imekwisha.

Hatua ya 2: Andaa vifaa vya kujengea

```
sudo apt install build-essential devscripts stow
```

`build-essential` inaleta kompaila ya GCC, `make` na vichwa vya maktaba ya C, yaani faili za `.h` zinazomweleza kompaila yaliyomo ndani ya maktaba. Kinachobaki ni vitu vinavyohitajiwa na programu yenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanaendesha `./configure`, hati inayokagua mashine kabla ya kujenga, inalalamika maktaba moja haipo, wanaisakinisha, inalalamika nyingine, na hivyo hivyo mpaka jioni. Ikiwa programu unayotaka kuijenga tayari ipo kwenye hazina, hata kama ni toleo la zamani, kuna njia ya mkato. Washa hazina za msimbo chanzo. Kwenye mifumo ya karibuni fungua faili lenye kiambishi `.sources` ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, kisha mstari wa aina uwe hivi:

```
Types: deb deb-src
```

Halafu:

```
sudo apt update
sudo apt build-dep jina-la-programu
```

Amri hiyo ya mwisho inasakinisha kila kitu ambacho watunzaji wa distro walikihitaji kujenga programu ile. Toleo jipya linaweza kudai kimoja au viwili zaidi, lakini sehemu kubwa ya kero imeondoka. Kwenye Fedora ni `sudo dnf builddep`.

Ukikutana na ujumbe kama `fatal error: zlib.h: No such file or directory`, usidhani maktaba yenyewe haipo. Yumkini ipo, na programu kadhaa zinaitumia sasa hivi. Kinachokosekana ni vichwa vyake, ambavyo Debian huviweka katika kifurushi cha pembeni chenye jina linaloishia na `-dev`. Hapa ni `zlib1g-dev`. Fedora huziita `-devel`. Usipojua kifurushi gani kina kichwa fulani, sakinisha `apt-file`, endesha `sudo apt-file update`, kisha `apt-file search zlib.h`.

Hatua ya 3: Pata msimbo, na uthibitishe umetoka kwa nani

`apt` inapoleta kifurushi, hukagua sahihi ya hazina bila wewe kuombwa. Ukipakua msimbo mwenyewe, ukaguzi huo unahamia mabegani mwako. Tuchukue GNU Hello, programu ndogo iliyotengenezwa makusudi iwe mfano wa jinsi programu za GNU zinavyojengwa:

```
wget https://ftp.gnu.org/gnu/hello/hello-2.12.1.tar.gz
wget https://ftp.gnu.org/gnu/hello/hello-2.12.1.tar.gz.sig
gpg --verify hello-2.12.1.tar.gz.sig hello-2.12.1.tar.gz
```

Mara ya kwanza `gpg` itasema haina ufunguo wa umma wa aliyetia sahihi. Upate kutoka kwenye tovuti ya mradi, ulinganishe alama yake ya kidole, ndipo urudie. Alama ya SHA-256 iliyowekwa kwenye ukurasa uleule uliopakulia faili haikulindi dhidi ya mvamizi: aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na alama. Inakuonyesha tu kwamba faili halikuharibika njiani.

Sahihi nayo ina mipaka yake. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba xz, zana ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kuufuatilia baada ya kuona SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) inachelewa kidogo kuliko kawaida. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa katika faili la `build-to-host.m4`, lililokuwemo kwenye kifungu cha tar kilichotolewa rasmi lakini halikuwemo katika Git ya mradi, yaani hifadhi ya historia ya msimbo wake. Sahihi ilikuwa halali, kwa kuwa mwenye hila ndiye aliyekuwa mtunzaji. Na hati yake ilikagua kwanza kama kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM, ndipo ijipachike. Hakuna upande wa mabishano yetu unaoweza kujisifia kisa hiki. Kwa mambo mazito kama maktaba za usalama, mimi huchukua msimbo kutoka kwenye lebo ya toleo ndani ya Git, na siwi wa kwanza kuingiza toleo lililotoka jana.

Hatua ya 4: Jenga ndani ya eneo lako

Mfumo una mipaka ya ardhi, na mipaka hii ndiyo inayookoa watu. `/usr` ni mali ya meneja wa vifurushi. `/usr/local` ni yako: kwa desturi ya mpangilio wa saraka za Linux, distro haiweki faili zake humo. Programu nyingi zinazotumia `configure` huelekea `/usr/local` zenyewe. Ukiona mwongozo unakuambia utumie `--prefix=/usr`, na hujengi mfumo mzima kuanzia sifuri, usiufuate.

Sababu yake ni hii. Ukiweka toleo lako juu ya `/usr/bin/curl`, daftari la `dpkg` litaendelea kusema kwamba faili ile ni ya kifurushi cha `curl`, toleo la zamani. Sasisho likija, litafuta kazi yako bila kukuuliza. Pengine toleo lako lilileta pia maktaba yenye namba tofauti, na hiyo haitafutwa, maana daftari haliijui. Unabaki na nusu ya hiki na nusu ya kile. Kwa glibc, maktaba kuu ya C ya mfumo, hali ni mbaya zaidi: karibu kila programu inaitegemea, na ukiibadilisha vibaya hata `ls` na `cp` hazitafunguka ili zikusaidie kurekebisha.

Haya, tujenge:

```
tar xf hello-2.12.1.tar.gz
cd hello-2.12.1
./configure --prefix=/usr/local
make -j"$(nproc)"
make check
```

`configure` inachunguza mashine yako na kuandika Makefile (maelekezo ambayo `make` huyafuata) inayolingana nayo. Ikimaliza, soma mistari ya mwisho. Programu kubwa huorodhesha hapo vipengele vilivyowashwa na vilivyozimwa, na kipengele ulichokitaka kinaweza kuwa kimezimwa kimyakimya kwa kukosa maktaba. Kuhusu `-j`, inaruhusu kazi nyingi kwenda sambamba. Kwa miradi mikubwa ya C++, kila kazi inaweza kumeza RAM ya gigabaiti moja au zaidi. Ukiona `Killed signal terminated program cc1plus`, msimbo hauna kosa: kerneli (kiini cha mfumo) imeua kompaila kwa sababu RAM imekwisha. Punguza idadi, andika `make -j2`, na kazi itaendelea pale ilipoishia.

`make check` watu huiruka. Msiiruke, jamani. Watunzaji wa distro huendesha majaribio hayo kwa niaba yako, na sasa mtunzaji ni wewe.

Kabla ya kusakinisha, tazama kinachokwenda kutokea:

```
make DESTDIR=/tmp/jaribio install
find /tmp/jaribio -type f
```

`DESTDIR` inaelekeza faili zote kwenye folda ya majaribio badala ya mfumo wenyewe. Utaona `usr/local/bin/hello`, ukurasa wa maelekezo, na faili nyingi za tafsiri chini ya `share/locale`. Programu hii haina kazi nyingine ila kukusalimu, na bado inatawanya faili kwenye folda nyingi. Fikiria sasa programu yenye maktaba na vichwa, halafu fikiria kuzitafuta faili zake moja moja mwaka kesho.

Ndiyo maana napendekeza GNU Stow. Inaipa kila programu folda yake peke yake, kisha inaweka viungo kutoka `/usr/local`:

```
sudo make prefix=/usr/local/stow/hello-2.12.1 install
cd /usr/local/stow
sudo stow hello-2.12.1
```

Sasa `/usr/local/bin/hello` ni kiungo tu. Ukiangalia kwa `ls -l` kinakuambia chenyewe kilikotoka, pamoja na namba ya toleo. Kuiondoa ni amri moja:

```
sudo stow -D hello-2.12.1
```

Toleo jipya likitoka, lijenge kwenye folda yake, ondoa la zamani kwa `-D`, unganisha jipya. Likikukataa, unarudi nyuma kwa sekunde chache. Kikwazo kimoja utakutana nacho: programu za GNU kadhaa huandika faili lenye jina moja, `share/info/dir`, na Stow itagoma kuunganisha ya pili. Lifute faili hilo ndani ya folda ya programu, halina madhara.

Jaribu pia hii:

```
dpkg -S /usr/local/bin/hello
type -a hello
```

`dpkg` itajibu `no path found matching pattern`. Hiyo ni sawa kabisa, eneo lile si lake. `type -a` nayo inakuonyesha `hello` zote zilizopo na ipi inaanza. Kwa kawaida `/usr/local/bin` hutangulia `/usr/bin`, hivyo yako ndiyo itakayoitwa. Ikiwa ganda bado linaita ya zamani, andika `hash -r`.

Ulichojenga kikiwa na maktaba, programu inaweza kugoma ikisema `error while loading shared libraries`, ikifuatiwa na `cannot open shared object file`. Endesha `sudo ldconfig`, kisha `ldd` juu ya programu uone kama kuna mstari wenye `not found`. Debian tayari huitafuta `/usr/local/lib`. Kwenye Fedora huenda ukalazimika kuandika njia hiyo katika faili ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/` kabla ya `ldconfig`.

Programu zinazotumia CMake huacha faili la `install_manifest.txt` ndani ya folda ya kujengea. Litunze. Ndilo daftari pekee utakalokuwa nalo ikiwa hukutumia Stow.

Hatua ya 5: Au jenga kifurushi chenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kwamba haifundishwi vya kutosha. Unachukua msimbo wa distro pamoja na maelekezo ya kuujenga, unabadilisha unachotaka, unapata faili la `.deb` ambalo `dpkg` italiandika daftarini kama jingine lolote. Tuseme unataka kubadilisha kitu katika kihariri cha nano:

```
mkdir ~/ujenzi && cd ~/ujenzi
sudo apt build-dep nano
apt source nano
cd nano-*/
```

`apt source` iendeshe kama mtumiaji wa kawaida, bila `sudo`. Ndani ya folda kuna msimbo wa nano na saraka iitwayo `debian`. Humo, faili la `rules` ndilo linaloamua machaguo ya `configure`, na `patches` ina viraka vya distro. Badilisha unachotaka. Kisha lipe toleo lako jina la pekee:

```
dch --local mimi "Nimewasha chaguo ninalolihitaji"
```

Hapa simama kidogo, kwa kuwa herufi moja inaweza kukunyima masasisho ya usalama. Tuseme toleo la distro ni 7.2-1. Amri hiyo inakupa 7.2-1mimi1, ambalo ni kubwa kuliko 7.2-1, kwa hiyo `apt` italikubali. Kesho Debian ikitoa sasisho la usalama, litaitwa 7.2-1+deb12u1. Katika kanuni za Debian herufi hutangulia alama, hivyo la usalama linakuwa kubwa kuliko lako, nalo litasakinishwa. Lakini ukijitungia jina kwa mkono ukaandika 7.2-1+mimi1, mambo yanageuka: alama ya kujumlisha inalingana, kisha `mimi` inakuwa kubwa kuliko `deb`. Lako linashinda, na sasisho la usalama halitakufikia kamwe, wala hutaambiwa. Usikisie, uliza:

```
dpkg --compare-versions 7.2-1mimi1 lt 7.2-1+deb12u1 && echo salama
dpkg --compare-versions 7.2-1+mimi1 lt 7.2-1+deb12u1 && echo salama
```

Amri ya kwanza inaandika `salama`. Ya pili inanyamaza.

Baada ya hapo:

```
dpkg-buildpackage -us -uc -b
sudo apt install ../nano_*mimi1*.deb
```

Kuiondoa ni `sudo apt remove nano`, na faili zote zinaondoka isipokuwa za usanidi zilizo chini ya `/etc`; ukitaka nazo ziondoke, tumia `sudo apt purge nano`. Arch wamefanya njia hii iwe rahisi zaidi kwa faili la PKGBUILD na amri ya `makepkg -si`. Fedora wanatumia faili la spec na `rpmbuild`.

Je, uzuie sasisho kwa `apt-mark hold` ili badiliko lako lisifutwe? Mimi sipendekezi kwa programu inayogusa mtandao. Ni heri badiliko lipotee siku chache, ulijenge upya juu ya sasisho, kuliko kubaki na tundu linalojulikana dunia nzima. Kwa kihariri au mchezo, zuia ukitaka.

Kerneli ina uwezo huu ndani yake. Ukishafungua msimbo wake kutoka kernel.org:

```
cp /boot/config-"$(uname -r)" .config
make olddefconfig
make -j"$(nproc)" bindeb-pkg
```

Unapata vifurushi vya `.deb` kwenye folda ya juu. Ikikwama ikidai cheti kisichokuwepo, endesha `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""` na urudie. Kerneli ya zamani usiiondoe mpaka mpya iwe imewaka na kufanya kazi. Ikiwa Secure Boot (ulinzi wa mashine unaowasha programu zenye sahihi inayotambulika tu) imewashwa, kerneli yako isiyo na sahihi haitawaka, kwa hiyo liamue hilo kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Kujenga mfumo mzima

Kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni Gentoo, iliyotoa toleo 1.0 mwaka 2002. Meneja wake, Portage, hushusha maelekezo na kujenga kila kitu kwenye mashine yako, huku wewe ukichagua vipengele kwa kutumia alama za USE. Watu huitaja Gentoo kama kinyume cha vifurushi, na hawako sahihi. Fungua `/var/db/pkg` kwenye Gentoo yoyote, utakuta kila programu na orodha ya faili zake. Msimbo unajengwa nyumbani, lakini daftari liko palepale. Na tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa pia vifurushi vilivyokwisha kujengwa, kwa anayetaka kuchanganya.

Ya pili ni Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. Hapo hakuna meneja hata mmoja. Una mfumo mwenyeji, sehemu tupu ya diski inayopachikwa `/mnt/lfs`, na maelekezo. Mtihani wa mwanzo ni wa yai na kuku: unahitaji kompaila ili ujenge kompaila, na hutaki mabaki ya mfumo mwenyeji yaingie katika mpya. Kwa hiyo unajenga Binutils (zana za kuunganisha programu zilizokompailiwa) na GCC mara ya kwanza kama zana za kuvuka, zinazotoa programu kwa ajili ya mfumo ambao bado haupo. Kisha vichwa vya kerneli, kisha Glibc, kisha maktaba ya C++, kisha zana za muda. Ndipo unaingia ndani kwa `chroot` na kujenga kila kitu upya, safari hii kwa zana za mfumo mpya wenyewe. Muda wa kila kazi hupimwa kwa kipimo cha SBU, yaani muda ambao mashine yako ilitumia kujenga Binutils mara ya kwanza. Pima huo, utajua GCC itakuweka macho mpaka saa ngapi.

Fanya LFS angalau mara moja ikiwa unapenda kuelewa mashine yako. Hakuna darasa linaloeleza vizuri zaidi kwa nini Glibc inatangulia, kwa nini kuna `/lib64`, na `init`, programu ya kwanza ya mfumo, inaanza vipi. Tumia mashine pepe au diski ya akiba. Ukifika kwenye mfumo wa mwisho, jiwekee daftari lako tangu programu ya kwanza, kwa kuwa ukichelewa hulikusanyi tena:

```
mkdir -p /var/lib/orodha
make DESTDIR=/tmp/pakiti install
(cd /tmp/pakiti && find . ! -type d) > /var/lib/orodha/jina-toleo.txt
rm -rf /tmp/pakiti
make install
```

Kwa mfumo utakaoutegemea kila siku, au seva inayohudumia watu, LFS siipendekezi. Kila kasoro ya usalama katika kila maktaba itakuwa kazi yako, usiku na mchana.

Matunzo

Kwa kila kitu ulichokijenga nje ya hazina, jiandikishe kupokea matangazo ya matoleo ya mradi huo. `apt upgrade` haitakukumbusha. Andika pia amri ya `configure` uliyoitumia. Iko mwanzoni mwa faili la `config.log` ndani ya folda ya kujengea, kwa hiyo nakili faili hilo kabla ya kufuta folda.

Kila unapohamia toleo jipya la distro, maktaba za mfumo hubadilika namba na programu zako zinaweza kubaki zikiita maktaba ambazo hazipo tena. Mara baada ya kuhama, endesha hii:

```
for f in /usr/local/bin/* /usr/local/sbin/*; do
  ldd "$f" 2>/dev/null | grep -q "not found" && echo "$f"
done
```

Kila faili litakalotajwa linahitaji kujengwa upya. Lakini kwanza endesha `apt policy` kwa jina la programu hiyo. Mara nyingi distro mpya tayari ina toleo ulilokuwa ukilitafuta, na hapo `stow -D` ikifuatiwa na `apt install` inatosha.